Kaboni Hunasa Sumu, Haiifuti: Metali Nzito na Usalama wa Maji Katika Maeneo ya Uchimbaji

Katika maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu mkoani Geita na wilayani Chunya, mkoani Mbeya, neno “kaboni” halihitaji tafsiri. Ni chembe nyeusi na ngumu, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa vifuu vya nazi, ambazo huwekwa katika mitambo ya uchenjuaji ili zikamate dhahabu iliyoyeyuka katika maji yenye sianidi. Kaboni ya aina hiyo, ijulikanayo kitaalamu kama kaboni amilifu, ina uwezo pia wa kunasa zebaki, risasi na baadhi ya metali nyingine nzito zilizomo katika maji.

Uwezo huo umethibitishwa na sayansi, na kaboni amilifu hutumika katika mitambo ya kusafisha maji ulimwenguni kote. Hata hivyo, kwa mwananchi anayeishi jirani na mialo na mabwawa ya marudio, swali zito zaidi ni jingine: sumu iliyonaswa huenda wapi, na ni nani anayepima maji baada ya kichujio kujaa?

Kwa nini kuchemsha hakutoshi

Wananchi wengi wamezoea njia mbili za kuyafanya maji yawe salama, yaani kuyachemsha na kuyatia dawa ya klorini. Njia hizo huua vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na hazina budi kuendelea kutumika. Kwa metali nzito hali ni tofauti. Zebaki, risasi, kadimi na aseniki ni elementi. Haziungui wala haziozi. Maji yakichemka kwa muda mrefu sehemu yake hugeuka mvuke, na metali kama risasi na kadimi hubaki katika maji machache zaidi.

Aidha, sumu hizi haziwezi kutambuliwa kwa macho, pua wala ulimi. Shirika la Afya Duniani limeweka viwango elekezi vya mikrogramu 10 za risasi, 10 za aseniki, 6 za zebaki isiyo ya kikaboni na 3 za kadimi katika lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiasi hicho kidogo hubainika kwa vipimo vya maabara pekee, ilhali athari zake hujitokeza polepole: risasi hudhoofisha ukuaji wa ubongo wa mtoto, zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kadimi hudhuru figo na mifupa.

Namna kaboni inavyofanya kazi

Kaboni amilifu hupatikana kwa kuunguza vifuu, mbao au makaa ya mawe pasipo hewa ya kutosha, kisha kuyapitishia mvuke wa maji katika joto la takriban nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Hatua hiyo hutoboa vitundu vidogo mno ndani ya kila chembe. Kwa sababu ya vitundu hivyo, gramu moja huwa na eneo la uso la kati ya mita za mraba 500 na 1,500. Kwa kipimo cha kawaida, gramu kumi za kaboni iliyo bora huweza kuwa na eneo linalozidi uwanja wa mpira wa miguu.

Maji yanapopita, chembechembe za metali hushikamana na kuta za vitundu hivyo. Mkaa wa jikoni, hata ukisagwa na kuoshwa, haukupitia hatua ya pili ya joto na mvuke, na hivyo hauwezi kuchukuliwa kuwa mbadala wa kaboni amilifu.

Mipaka ya teknolojia hii ni mitatu. Kwanza, kaboni haizinasi metali zote kwa kiwango kimoja. Zebaki hunaswa vizuri, hasa pale kaboni inapokuwa imetiwa salfa, wakati aseniki hunaswa kwa shida isipokuwa kaboni imeongezewa madini ya chuma. Pili, utendaji wake hutegemea maji yenyewe: uchachu wake, pamoja na chumvi na uozo wa mimea uliomo. Maji yenye uchachu mwingi hupunguza unasaji wa risasi. Tatu, kaboni hujaa. Baada ya hapo maji hupita yakiwa na sumu yake, huku rangi na ladha yake vikiwa vilevile.

Mfano wa kulinganisha kila tatizo na dawa yake upo hapa nchini. Katika Mkoa wa Arusha, ambako maji ya maeneo mengi yana floridi nyingi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya mifugo, kwa kuwa madini ya fosfeti yaliyomo katika mifupa huinasa floridi kwa ufanisi ambao kaboni ya vifuu haina.

Sumu iliyohamishwa

Kaboni huiondoa metali katika maji na kuibeba yenyewe. Kichujio kilichojaa zebaki kikitupwa jalalani au kikichomwa moto, sumu hurudi katika udongo au hewani. Kwa msingi huo, kaboni iliyotumika kuondoa metali nzito ni taka inayohitaji kushughulikiwa kama taka hatarishi, ambazo usimamizi wake umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hali hiyo huonekana waziwazi katika uchenjuaji wa marudio. Marudio yaliyokwisha kupitishiwa zebaki yanapolowekwa katika sianidi, sehemu ya zebaki huyeyuka na kusafiri kwa urahisi zaidi katika maji. Kaboni iliyowekwa kukamata dhahabu huikamata zebaki hiyo pia, na inapopashwa joto ili itumike tena, mvuke wa zebaki huweza kumfikia mfanyakazi na jirani zake. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi husika kuchukua hatua za kukomesha matumizi ya sianidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki kwanza.

Mkataba huo ulipewa jina la mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Walioathirika huko walikula samaki na kombe waliokuwa wamekusanya zebaki mwilini. Funzo hilo ni la msingi kwa jamii zilizo kando ya mito na maziwa: kichujio cha nyumbani husafisha maji ya kikombe, lakini hakimgusi samaki wala hewa inayovutwa pale mchanganyiko wa zebaki na dhahabu unapochomwa.

Mpangilio wa hatua

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuzuia sumu kwenye chanzo chake. Vituo vya mfano vya STAMICO vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi wilayani Chunya, vilijengwa ili kuwaonesha wachimbaji wadogo uchenjuaji unaotumia kaboni badala ya zebaki. Pale zebaki inapoendelea kutumika, kuichomea katika chombo kilichofungwa, chenye kuupoza mvuke na kuukusanya, hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya pili ni upimaji wa vyanzo vya maji kupitia maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kichujio huja katika hatua ya tatu, baada ya kufahamika ni metali gani iliyopo na kwa kiasi gani.

Mwananchi anayeuziwa kichujio anayo haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kulipa. Kimethibitishwa kuondoa metali ipi? Kinasafisha lita ngapi kabla ya kubadilishwa? Maji yanayotoka yatapimwa wapi? Kaboni iliyokwisha kutumika itapokelewa na nani? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la nne anamwachia mnunuzi sumu ileile, safari hii ikiwa imekusanywa mahali pamoja ndani ya nyumba yake.