Mzee Mzima Ndiye Achanjwe

Mwulize mzee wa Kanyakine, kaunti ya Meru, kama amechanjwa, atakucheka. Chanjo ni mambo ya kliniki, na kliniki ni ya mama na mtoto. Yeye ana miaka sabini na ushee, anapanda miteremko ya Imenti Kusini na mkungu wa ndizi begani, na hajui kitanda cha hospitali kinafananaje. Sindano ya nini? Wanawe walioko Nairobi wanamuunga mkono. Mhudumu wa afya ya jamii akija bomani kumpima presha na sukari, akaona zote ziko sawa, naye huaga akaenda zake.

Imani hii imeota mizizi hata inaonekana ni busara. Wazee wangu mniwie radhi: ni upuuzi, tena unatuzikia watu.

Tuanze na hesabu ya miaka. Mpango wa taifa wa chanjo, KEPI, ulianza mwaka 1980. Aliye na miaka 70 leo alikuwa mtu mzima tayari. Kabla ya hapo chanjo zilipatikana hapa na pale, hasa kwa aliyekaa karibu na misheni au hospitali kubwa, na kovu ambalo wengi wa rika hilo wanalo mkononi ni la chanjo ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka huohuo wa 1980. Kwa hiyo wanaosema chanjo ni ya watoto ndio haohao ambao wengi wao, walipokuwa watoto, hawakuipata, ila labda hiyo ya ndui.

Wake zao wengi angalau walidungwa ya pepopunda walipokuwa wajawazito. Mwanamume hakuwa na mimba ya kumfikisha huko. Na ni nani anayeshinda na jembe, panga na samadi? Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, vikingoja kidonda tu. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu, kwa hiyo hata kijiji kizima kikichanjwa, wewe usiyechanjwa huna mgao wowote katika kinga yao. Hata aliyeugua akapona hapati kinga; naye inabidi achanjwe.

"Lakini mimi ni mzima." Jibu hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Chanjo si dawa ya mgonjwa. Kazi yake ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia, na mwili hufundishika vizuri ukiwa bado una nguvu. Mkulima wa hapa huuegemeza mgomba kwa mti ukiwa umesimama wima na mkungu wake. Hangoji upepo uuangushe ndipo akatafute mti.

Kinga ya mwili huzeeka hata miguu ikiwa bado ya kijana. Nimonia ya mzee mara nyingine huja bila joto jingi: anakataa chakula, anachanganya majina ya wajukuu, nasi tunasema uzee umemfikia. Hali kadhalika mkanda wa jeshi. Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga ya utotoni, hulala kwenye neva miaka na miaka, kikaamka kinga ikilegea kwa umri. Maumivu yake yanaweza kubaki miezi baada ya malengelenge kukauka. Huku kwetu mkanda wa jeshi umebandikwa jina la Ukimwi, basi mzee anajifungia chumbani kwa aibu ya ugonjwa unaoweza kumpata mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga. Una chanjo, dozi mbili.

Tena kuna hili la kuchekesha. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya pneumokoka, bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Watafiti wa Kilifi walipofuatilia, waliona maradhi hayo makali yamepungua hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa kamwe, kwa kuwa watoto waliobeba puani aina zinazolengwa na chanjo walipungua. Babu anayejisifu hajawahi kuhitaji sindano huenda amekuwa akilindwa na sindano ya mjukuu wake. Ila ulinzi huo una mipaka, kwani chanjo ya watoto hukinga aina chache tu za bakteria hao. Uingereza, ambako pia huwachanja watoto, mtu akifika miaka 65 hupewa ya kwake, pamoja na ya mafua kila mwaka.

Serikali nayo ina lawama yake. Machi 2021, wakati wa korona, iliwaita waliotimiza miaka 58 na zaidi wakachanjwe, na wengi wakaenda. Wito mwingine wa namna ile kwa wazee sijausikia tena. Orodha ya waliopita miaka 70 inayo, ndiyo inayotumia kulipa shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaojua kila boma inao. Kinachokosekana ni chanjo yenyewe: ya mafua au ya nimonia, mtu mzima kwa kawaida hujinunulia hospitali ya kibinafsi, na shilingi 2,000 ni za unga na sukari. Ningependa kuwasikia wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, wakiidai hadharani kwa sauti ileile wanayoitumia kwenye siasa.

Familia nazo zijitazame. Bili ya hospitali tunachangishana usiku mmoja kwenye simu, jeneza vilevile. Kumchangia baba sindano angali analima, hata kulitaja ni kama kumtabiria mabaya.

Ya pepopunda isisubiri mchango wala Nairobi. Nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe uiulizie, na ukiwa huna hakika kama uliwahi kudungwa, sema hivyo. Kama unatumia dawa za kushusha kinga, au chanjo fulani iliwahi kukudhuru, mweleze muuguzi kabla hajashika sindano. Akikuuliza mtoto yuko wapi, mwambie anayechanjwa leo ni wewe.