Tuzihoji programu za kompyuta



Natoa maoni yangu kuhusu programu za huduma za intaneti ambazo wananchi wengi wanaziweka katika kompyuta zao majumbani. Wapo wasemao kwamba programu hizi zote ni za kijasusi, na wapo wasemao kwamba asiye na siri hana la kuogopa. Mimi siafikiani na upande wowote, na sababu zangu ni hizi.

Mwaka 1991 huko Marekani yalizuka malalamiko juu ya huduma iliyoitwa Prodigy, mali ya kampuni za IBM na Sears. Mteja aliweka programu yake katika kompyuta ya nyumbani, akaiunganisha na waya wa simu, akapata habari na barua. Programu ilijitengea nafasi katika diski kwa faili lililoitwa STAGE.DAT. Baadhi ya wateja walipolifungua walikuta humo vipande vya maandishi yao wenyewe. Wakadai kwamba kampuni inawapekua.

Kampuni ilikana, na maelezo yake yalikuwa na msingi. Katika kompyuta zile, ukifuta faili lilifutika jina tu. Ni sawa na mwalimu anayekata jina la mwanafunzi katika orodha ya mwanzo wa daftari, lakini kurasa za habari zake akaziacha. Programu ilipopewa kurasa hizo kama tupu, ilizichukua pamoja na maandishi ya zamani. Haikuthibitika kwamba yalipelekwa kwa kampuni. Hata hivyo wateja hawakukosea kuuliza. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hawa walilala ndani na bado hawakujua.

Julai 2019 hatari ilikuwa ya kweli. Mtaalamu mmoja wa usalama alitangaza kwamba programu ya mikutano ya Zoom, katika kompyuta za Apple, iliacha kipande kilichoendelea kufanya kazi hata baada ya mtu kuiondoa. Kipande hicho kiliweza kuirudisha programu bila kumwuliza mwenyewe, na tovuti ya hila ingeweza kumwingiza mtu mkutanoni na kuwasha kamera yake. Baada ya tangazo hilo Zoom walitoa marekebisho, na Apple nao wakakiondoa kipande hicho. Kasoro haikujulikana kwa uvumi, bali kwa sababu mtu alichunguza.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa vijijini. Walimu huandika majina, tarehe za kuzaliwa na alama za watoto katika kompyuta. Ikichakaa huuzwa au kugawiwa, na mwenyewe anaamini amekwisha kufuta kila kitu. Katika kompyuta nyingi kuukuu, kufuta bado si kuteketeza.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Lakini sheria itamsaidiaje mtu anayebonyeza "nakubali" chini ya kurasa za Kiingereza cha mawakili asichokielewa? Ridhaa ya namna hiyo ni ya jina tu.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, masharti yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, yaseme programu inachukua nini, inapeleka wapi, na inaacha nini ikiondolewa. Pili, maofisa elimu watoe utaratibu wa kusafisha diski kabla kompyuta ya shule haijatoka mikononi mwa shule. Tatu, sisi wananchi tusiweke programu tusiyoihitaji, na marekebisho ya usalama yakitolewa tuyapokee mapema.

Mzazi anapomkabidhi mwalimu mtoto wake, humkabidhi na habari zake. Nina imani wahusika watalichukulia hatua jambo hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.