Si mapenzi, ni mgao

Kundi la sarakasi likiteremka stendi ya Manundu, Korogwe, na kupanga gesti, mtaa hauulizi onyesho ni saa ngapi. Unauliza nani analala na nani. Mmoja wao akionekana anapanda basi la Dar peke yake, jibu linafika Handeni kabla yake: wamegombea mwanamke. Wasanii ndivyo walivyo, tunaambiwa. Ukiwalaza nyumba moja lazima waporane wapenzi.

Upuuzi. Wanachuo wa ualimu hapo hapo Korogwe wanaishi bwenini, na manamba wa mkonge walirundikwa makambini miaka nenda rudi. Wivu haukukosekana, lakini nani aliwahi kusema ualimu ni kazi ya kuporana wapenzi?

Tazama kazi yenyewe. Wa chini amebeba wenzake mabegani. Wa juu anajirusha kinyumenyume, bila wavu, akitegemea mikono ya huyo huyo anayedaiwa kumwibia mchumba. Wenye kisasi cha namna hiyo hawamalizi hata onyesho moja. Sarakasi yetu ilizaliwa na nidhamu: mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana China kujifunza, na mwaka 1969 likaundwa kundi la taifa.

Kweli, jukwaa nalo limechochea uvumi. Miaka ya 1990 makundi ya sanaa ya TOT, la Kapteni John Komba, na Muungano, la Norbert Chenga, yalichanganya ngoma, sarakasi, vichekesho na taarab katika onyesho moja. Khadija Kopa akiimba huku, Nasma Khamis kule, mipasho ikirushwa na mashabiki wakitunza. Ulikuwa ushindani wa kujaza ukumbi. Mtazamaji akatoka akiamini kila wimbo wa mke mwenza umetungwa chumbani kwa wasanii. (Mapenzi ndiyo yanayouza, hata mtunzi mwenye ndoa tulivu atayatungia.)

Anayetaka kujua kinachovunja makundi aende gesti onyesho likiisha. Watu watano, vitanda viwili, godoro moja sakafuni, ndoo moja ya maji. Mkuu wa kundi ana chumba chake, tena chenye feni. Noti zinahesabiwa kitandani kwake: toa ukumbi, toa mafuta ya gari, toa gesti, toa "gharama za ofisi", ofisi isiyo na hata meza. Kilichobaki? "Tutamalizana Handeni." Wakifika Handeni, wanaambiwa Tanga. Hapo mrukaji anabeba begi lake.

Msichana wa kundi ndiye anayeumia zaidi. Akidai chake, anajibiwa kwamba ana wivu na fulani, na wote wanacheka. Deni limefutwa kwa umbea, bila senti kutoka mfukoni.

Basi mkuu wa kundi akikusimulia kwamba vijana wake wametawanyika kwa sababu ya mapenzi, muulize usiku ule ziliuzwa tiketi ngapi.