Kabla ya skana, iandikwe orodha

Mwaka 1936, H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Miaka hiyo hiyo wataalamu wa Amani walianza kuchanganya muhogo na mpira wa Ceara, mti ulio jamaa yake, wakitafuta mbegu ya kustahimili batobato. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria miaka ya 1950, na baadaye ukaingia katika mbegu za taasisi ya IITA ya Ibadan.

Mkulima wa muhogo anafaidi kazi hiyo bila kujua. Lakini kumbukumbu za namna hiyo, yaani vipimo vya mvua na matokeo ya mashamba ya majaribio, bado zinakaa kwenye karatasi katika makabati ya vituo vingi, na mchwa hawasubiri bajeti.

Inapotajwa kuziingiza kwenye kompyuta, swali la kwanza huwa bei ya skana. Hapo ndipo fedha huanza kupotea. Kwanza majalada yapanguswe vumbi, pini zenye kutu zitolewe, kila jalada lipewe namba na kuorodheshwa: lina nini, la mwaka gani, la wapi. Jalada lisilo na namba likiingia kwenye kompyuta limepotea mara ya pili, kama gunia lisilo na alama ghalani. Kisha majalada machache, tuseme 50, yapitishwe hatua zote, ijulikane moja linakula saa ngapi na shilingi ngapi. Makisio yatoke hapo, si kwa muuza mashine.

Kurasa zikaguliwe na mtu mwingine, nakala ziwe zaidi ya moja na mojawapo ikae mji mwingine. Karatasi zenyewe zisitupwe. Majedwali ya mvua yana kazi ya ziada, maana picha haijumlishwi: lazima mtu aingize tarakimu moja moja na mwenzake azihakiki. Ujira wao ndio husahaulika kwenye bajeti.

Yaanze yapi? Yanayooza, na yale ya mvua na mbegu. Bima ya mazao inayolipa kwa kipimo cha mvua huhitaji takwimu za miaka mingi. Zisipokuwepo, kampuni hupandisha ada au haifiki kijijini kabisa. Barua za mabwana wakubwa kuhusu nyumba na likizo zitasubiri.