Baridi na Miche Michanga

Katika nchi yetu ya Mpanda mvua zikiisha, watu wengi hushuka mabondeni kulima bustani za kiangazi, nao husia nyanya na mahindi penye maji. Kisha huja Juni na Julai, miezi ya baridi, na miche iliyoota vizuri hugeuka manjano na kudumaa. Hapo maneno huanza. Mmoja husema mbegu ni mbovu. Wa pili huongeza samadi juu ya samadi. Na wa tatu, hili ndilo baya, hunong'ona kwamba jirani ameiroga bustani. Twapenda kueleza sababu yenyewe, ili samadi isipotee bure wala ujirani usivunjike.

Jani la mmea ni jiko. Hupokea maji kutoka mizizini, huvuta hewa ya ukaa kwa matundu yake madogo, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hupika sukari, ndiyo chakula cha mmea. Kazi hiyo huitwa usanisinuru, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kunasa mwanga, na baridi haiizuii sana. Ya pili ni kutengeneza sukari, nayo yataka joto. Baridi ikizidi, huenda polepole mno.

Sasa fikirini asubuhi ya Julai. Usiku joto limeshuka chini ya digrii 15, kisha jua lachomoza bila wingu. Jani lanasa mwanga mwingi, lakini haliwezi kuutumia. Ni kama mpishi ambaye moto wake wawaka sana, na mikono yake imekufa ganzi: chakula chaungua. Mwanga uliozidi huharibu viungo vya jani vya kunasia mwanga. Tena jani la mhindi likikua katika baridi ya namna hiyo, halijengi ukijani wake sawasawa, hutoka limepauka.

Mtu aweza kuuliza, Mbona kabichi, vitunguu na njegere hustawi? Hiyo ni mimea izoeayo baridi. Lakini nyanya, mahindi, mpunga na maharage hupenda joto. Na mbona miche ya bondeni huumia kuliko ya mteremkoni? Kwa kuwa hewa baridi ni nzito, nayo usiku hutiririka chini kama maji.

Basi yafaa kufanya hivi. Kitalu cha nyanya kiwekwe mahali palipoinuka kidogo. Jioni kifunikwe kwa nyasi juu ya kichanja, nazo zipunguzwe asubuhi hewa ikiisha kupata joto. Zisiachwe mchana kutwa, maana bila mwanga mche hufa njaa. Maji yatiwe asubuhi, si jioni, wala yasizidi; mizizi iliyo katika udongo wa baridi hunywa kwa shida, hata mche hunyauka penye tope. Na samadi haiponyi baridi.

Mwezi wa Agosti joto likirudi, litazameni jani jipya. Likitoka kijani, hali yale ya zamani yamebaki na manjano, mjue kwamba ilikuwa baridi. Kwa hiyo mngojeeni jani hilo kabla ya kumtaja jirani.