Rangi Mpya Juu ya Ukuta Wenye Maji ni Ghushi



Ndugu zangu katika imani, sisi watu wa Singida tumezoea ukame. Tunajua kuiomba mvua na kuyatunza maji. Nyumba iliyoingiliwa na maji ndiyo hatuijui. Maji yakitoka tu tunafagia tope, tunawasha jiko la mkaa ndani, tunapaka rangi, tunarudi kulala. Wiki ya tatu mtoto anakohoa usiku kucha, ukuta umeota madoa meusi, na wengine wetu, Allah atusamehe, tunaanza kumtafuta aliyeturoga.

Hakuna aliyekuroga. Hiyo ni kuvu.

Lakini kwanza niliondoe hili la kadari, maana najua litaletwa kwenye maoni hapo chini. Katika hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, mvua imenyesha wiki nzima, akamlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa majumba yanabomoka na mali inazama. Hakuambiwa imani yake ni dhaifu. Mtume (s.a.w.) aliinua mikono akaomba mvua iende pembezoni. Kwa hiyo wewe unayemwambia jirani "subiri, ni mtihani" na huna hata chepe mkononi, subira unayoihubiri ni ya mgongo wa mwenzako. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh, hapo kwenye njia yetu ya kwenda Babati, waliookoa watu na kuzoa tope majumbani walikuwa na imani pia, na walikuwa na makoleo.

Sasa tusemezane kuhusu nyumba. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kitu kilowe, kwa hiyo siku mbili za mwanzo ndizo zenye kazi. Kabla ya kuingia tazama ukuta: kama nyumba ni ya tofali mbichi au tembe na ukuta umepinda au umepasuka chini, usiingie, mali itafutwa nyingine. Umeme uzimwe. Kisha toa kila kitu nje, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Mkoa wetu una upepo mpaka watu wanapanga kuzalisha umeme kwa huo upepo, halafu sisi tunaufungia nje!

Godoro la sponji lililolowa maji yaliyopita chooni, tupa. Najua godoro ni pesa, lakini sponji haikauki katikati na uchafu wake hautoki. Dari la jipsamu lililolowa nalo lishushwe. Ukuta wa saruji au sakafu sugua kwa sabuni na maji safi, ndipo upitishe jiki iliyochanganywa na maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Funga mdomo na pua kwa barakoa au kitambaa, na mwenye pumu asiifanye kazi hii. Ukuta wa udongo usiupoteze muda kwa jiki, kwangua sehemu iliyooza mpaka ufike penye udongo mzima.

Na hilo jiko la mkaa! Mtu anafunga milango, anaweka jiko katikati ya chumba "ili kukauke haraka", watoto wamelala humo humo. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua usingizini. Nyumba hukaushwa na upepo na jua.

Mama mmoja ameniuliza kama amwage maji mengi ndani ili atoharishe sakafu ya udongo, kwa kuwa choo kilifurika. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni kweli ardhi yenye najisi hutoharishwa kwa kumwagiwa maji, na kukauka kwa jua peke yake hakutoshi. Hanafi wao wanaona ikikauka na athari ikaondoka imetoharika kwa kuswaliwa. Lakini mama yangu, hukulazimishwa kuirudishia mafuriko nyumba yako. Kwangua ule udongo wenye najisi uutupe nje, weka udongo mkavu safi. Ukishaondoa kilichonajisika hakuna cha kumwagia maji. Wakati unangoja, tandika mkeka safi pale palipokauka uswali.

Ninalotaka kulisema kwa sauti zaidi ni la wenye nyumba za kupangisha. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikatoka na umajimaji. Mwuzaji akasema imenyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Angalia: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake ni kukiweka kikavu juu ya kibichi. Nafaka mbichi iliyofichwa huzaa sumukuvu, na mwaka 2016 jirani zetu wa Dodoma na Manyara walizika watu kwa sababu hiyo. Ukuta mbichi uliofichwa kwa plasta na rangi ya mafuta ni lundo lile lile. Umechukua kodi ya miezi sita ya mtu, ukamlaza mtoto wake karibu na kuvu.

Bandua plasta ya chini iliyolowa, uache tofali zipumue, na usiwe na haraka. Ukitaka kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni pande zote nne kwa gundi jioni. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, bado. Mara nyingi ni bora ungoje upepo mkavu wa Juni na Julai ndipo upige plasta, na badala ya rangi ya mafuta tumia chokaa, ukuta upate kupumua. Kama huwezi kungoja, mwambie mpangaji ukweli na upunguze kodi. Akikubali huku anajua, hapo hakuna ghushi.

Nawe mpangaji, ukiikuta aibu iliyofichwa inayoharibu manufaa ya nyumba, sheria imekupa hiari ya kuuvunja mkataba na kurudishiwa kodi ya muda uliobaki. Nenda na shahidi, zungumza kwa adabu.

Ijumaa hii, baada ya swala, vijana wa kila msikiti watoe kwanza mazulia yaliyolowa yaanikwe. Tutaswali kwenye saruji, hakuna tatizo. Kisha imamu awagawe wanne wanne kwa wajane na wazee ambao magodoro yao bado yako ndani.

Wabillahi tawfiq.