Dafu Halina Kosa

Wasomaji, liko neno lisemwalo sana katika visiwa vyetu na katika pwani yote, ati mtu akinywa madafu mengi hupata busha. Wageni watokao bara, wakishuka bandarini Malindi, huonywa hivyo kwa kicheko. Neno hili twalipinga, maana si mzaha tu, limewadhuru watu.

Kwanza tuutazame mwili. Maji ya dafu yakinywewa huingia tumboni, hupita katika matumbo, huchanganyika na damu. Figo huichuja damu, na maji yaliyozidi hutoka kwa mkojo. Hapana mfereji utokao tumboni kwenda kwenye korodani. Tena busha na matende ni watoto wa mama mmoja. Mbona basi huyu asingiziwe dafu, na yule asingiziwe uchawi?

Mama huyo ni mnyoo mwembamba kama uzi. Hukaa katika mishipa midogo irudishayo maji ya mwili katika damu, akaiharibu. Maji yakikosa njia, mguu huvimba, au maji hujaa kuzunguka korodani. Watoto wake huogelea damuni usiku, saa ile ile mbu huyu aumapo. Mbu jike akinyonya damu huwachukua. Hukua ndani yake muda wa wiki mbili hivi, kisha huwapeleka kwa mtu mwingine. Daktari Patrick Manson aliiona minyoo hiyo ndani ya mbu huko Amoy, nchi ya China, mwaka 1877.

Watatujibu: "Mbona penye minazi ndipo penye mabusha?" Naam, jogoo akiwika kunakucha, je, jogoo ndiye aletaye jua? Pwani pana joto, na pana vyoo vya mashimo vyenye maji, ambamo mbu huyu hupenda kuzaa. Makunduchi, mwaka 1988, vyoo hivyo vilitiwa chembe nyepesi za plastiki zielezo juu ya maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Na watu wakapewa dawa. Mbu walipungua sana, na minyoo damuni ikapungua pia. Katika kazi hiyo minazi haikuguswa.

Basi alaumuye dafu humwachilia mbu. Tena humwambia mgonjwa, "Umejitakia," naye huona haya, akajificha nyumbani, asende kwa daktari. Na mwaka 2001, Serikali ilipoanza kugawa dawa mara moja kwa mwaka Unguja na Pemba, aaminiye dafu alikuwa na sababu gani ya kumeza dawa ya minyoo? Nayo dawa hiyo haifai kijiji mpaka imezwe na walio wengi, hata wasio na uvimbe, kwani mtu aonekanaye mzima aweza kuwa na minyoo damuni, mbu akaichukua kwake usiku akampelekea mtoto wa jirani.

Yatupasa sisi tujuao kusoma tuyaseme haya barazani, visimani na vyuoni. Busha hupasuliwa, mtu akarudi kazini. Mguu wa matende huoshwa kila siku kwa maji na sabuni, hukaushwa vema, huinuliwa mtu anapopumzika. Mashimo ya vyoo yafunikwe, chandarua kifungwe kitandani, na mgonjwa asichekwe. Ama dafu, na linywewe, halina kosa.